Dereva wa Uzoefu wa Miaka Kumi na Tisa, Gari Lisilosonga Lamtapisha

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke maana waliocheka wametosha. Mimi ni wa Muthara, nimeendesha pikapu ya miraa kutoka Kangeta miaka kumi na tisa na sijagonga hata kuku, lakini mwaka huu wenzangu wawili walizikwa mwezi mmoja kwa sababu ya ule mwendo wetu wa kasi, mke wangu Igoki akasema basi, tafuta usukani mwingine, na kweli nikapata, basi la shule, ila shule inataka kila dereva afaulu kwanza mtihani wa nusu saa kwenye simuleta pale Meru mjini, yaani kiti, usukani na skrini tatu za kuonyesha barabara, gari lenyewe halitoki mahali. Mshauri, dakika ya nane nilitapika. Mara ya pili nilidhani kosa ni chakula, nikaenda bila kula chochote, nikatafuna miraa tangu asubuhi ili macho yakae imara, nikatapika dakika ya tano, na vijana wanaojifunza wakasema, "Buda, leo umebeba miraa ama miraa imekubeba?" na mmoja ambaye hata leseni hana akaniletea ndoo. Mwalimu wetu, Shamima, aliniuliza, "Mzee Salesio, uko sawa kweli?" nikasema ni malaria. Nyumbani nikasema mashine imeharibika, na sasa kila jioni Igoki ananiuliza, "Na itatengenezwa lini, Baba Kajuju?" Mtihani ni baada ya siku kumi na mbili, mwenye pikapu ananipigia simu nirudi, nami nimeanza kuamini sikuwahi kujua kuendesha gari. Nirudi Kangeta?

Salesio, Muthara

Salesio,

Usirudi.

Nilimpigia simu Nelius, anayefunza madereva kwa mashine kama hiyo huko Embu. Hakungoja nimalize swali. "Ni dereva wa zamani, si ndio? Hao ndio hunisumbua. Wanafunzi wapya wanakaa tu." Sababu ni kwamba macho yako yanaona kona, lakini mwili uliozoea kusukumwa na kona kwa miaka yote hiyo hausikii kitu. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linaasi. Ujuzi wako ndio unaokutapisha.

Lakini tumbo tupu na miraa, ndugu yangu? Huo ulikuwa ushauri wa nani? Kisha ukamdanganya Shamima, mtu pekee anayeweza kukupunguzia mwendo na kona za mashine hiyo. Na Igoki aliyekutoa kwenye hatari anastahili kuambiwa ukweli leo hii.

Kula kitu chepesi saa moja kabla ya zoezi. Miraa iache, na ukipewa watoto iache kabisa. Mwombe Shamima akuanzishe na dakika tano za barabara iliyonyooka, mwendo wa taratibu, feni ikikupuliza usoni. Tazama mbali mbele. Jasho la baridi likianza, simama papo hapo na utoke. Ukijikaza utaugua zaidi, na kesho mwili utakumbuka. Rudi siku inayofuata, ongeza dakika chache, kona zije baadaye. Dawa za kuzuia kutapika nyingi huleta usingizi, kwa hiyo usimeze yoyote bila kumuuliza mfamasia. Na usishike usukani wa gari la kweli mpaka kizunguzungu kiishe.

Nelius anasema wengi wa madereva wake huzoea ndani ya wiki moja hivi. Wachache hawazoei; ukiwa mmoja wao, omba upimwe barabarani, kwenye basi lenyewe. Siku zako zinatosha kujaribu yote mawili.

Shule itakukabidhi watoto. Siku utakayojisikia vibaya ukiwa nao njiani, utatakiwa kusema mapema na kusimamisha basi. Anza zoea hilo kwa kumwambia Shamima ukweli, kesho asubuhi, kabla hujakaa kwenye kile kiti.