Nusu Saa Darasani

Pasiansi, 4 Machi 2025

Kaka Obedi, shikamoo. Wifi na watoto hawajambo huko Misungwi?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mwanga wa simu bado unanichoma macho. Tangu tuanguke na pikipiki yako mwezi wa nane, daktari anasema ubongo ulitikisika. Picha za hospitali ni safi, ila kelele zinanipasua kichwa na nasahau ovyo.

Sasa sikia. Nimepelekwa tiba kwa vitendo, ile ya kujifunza upya kazi za kila siku, kwa dada mmoja anaitwa Bhumika. Hakuniuliza naumwa wapi. Aliuliza, “Unataka kurudia kazi gani?” Nikamwambia kufundisha darasa la kwanza, watoto themanini na wawili. Akasema, “Basi tuanze na uji.” Ameniandikia hatua moja moja, na kupumzika ni kabla kichwa hakijaanza kuuma, siyo baada. Leo uji haukuungua. Nimecheka peke yangu jikoni.

Mdogo wako,
Modesta

Pasiansi, 29 Aprili 2025

Shikamoo kaka. Natumaini mu wazima, maana jibu sijaliona. Wifi kaniambia umeuza pikipiki.

Jana nimepita sokoni Mirongo, kofia pana kichwani, Bhumika nyuma yangu. Nimenunua nyanya na dagaa, nimekaa kivulini mara mbili, nimerudi bila kutapika. Mwalimu mkuu amekubali nijaribu nusu saa darasani. Usingizi haunijii kwa furaha.

Kaka, sikulaumu. Ng’ombe alikatiza, nani angemzuia? Njoo unione.

Mdogo wako,
Modesta

Misungwi, 6 Mei 2025

Marahaba mdogo wangu. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Barua zako zote mbili nimezisoma hadi zimechakaa. Ng’ombe alikuwepo, ni kweli. Lakini wewe hukumbuki yaliyotangulia. Uliniambia mara mbili, “Kaka, punguza mwendo.” Nikakucheka, nikaongeza. Kila unaposema hunilaumu, nashindwa kushika kalamu. Sasa umejua.

Kaka yako,
Obedi

Pasiansi, 15 Mei 2025

Kaka, shikamoo. Mimi naendelea vizuri, na wewe natumaini umelala usingizi baada ya kuandika yale.

Nimekasirika siku tatu, sikufichi. Bhumika alinikuta hivyo, akasema hasira nayo inachosha ubongo, niipangie muda wake kama kazi nyingine. Basi nikaipangia.

Jumatatu nimeingia darasani. Kaka, nimefundisha. Niliwaambia wakijua jibu wapunge mikono bila sauti, na mikono themanini ikayumba kama mpunga kwenye upepo. Tumesoma “ma, me, mi” kwa kunong’ona. Nusu saa ilipoisha, binti wa mbele akauliza, “Mwalimu, kesho unakuja?” Nikasema nakuja. Na nilikwenda.

Bado hasira imebaki kidogo. Lakini madaftari yao yako mezani, na mistari inacheza machoni nikisoma zaidi ya matano. Jumamosi panda basi uje. Wewe utanisomea kwa sauti ya chini, mimi nitaweka alama za vema.

Mdogo wako,
Modesta