Anavuka Tena Kufuata Dawa Niliyoitapika

Mama Mildred mpendwa, nisaidie kabla mume wangu hajaondoka,

Mimi ni Zubaida, mke mdogo wa Nasifu, dereva wa lori hapa Tororo, na mke mkubwa ni Madina, tunakaa ua mmoja, milango yetu inatazamana, na sina ugomvi naye, nakuapia, yeye ndiye aliyenifundisha kuishi na huyu mwanamume na tabia zake, sasa Mama, mwenzangu huyo amelala pale upande wa pili wa ua anahema kama mtu aliyetoka mbio, na mimi ninajua jambo ambalo nikilisema nitaitwa mwongo na nisiposema huenda bwana wetu akauawa.

Ilianza na mimi. Homa kali ya mafua ilipoingia mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kulala, mwili wote unauma, macho yanachoma, na wewe unajua hali ya huku kwetu siku hizi, hata sabuni ni ya magendo, sembuse dawa, basi Nasifu akapita njia ya bondeni kwenye mafunjo mpaka Busia ya Kenya, akarudi na vidonge ambavyo mwuza dawa alimwambia ni vipya, si vya kutuliza maumivu tu bali vinapigana na virusi vyenyewe vya mafua. Alifika suruali imelowa hadi kiunoni, anatetemeka huku anacheka, akanipa kwa mkono wake. Nikameza, kichwa kikazunguka, nikatapika. Baadaye nikameza tena, nikatapika tena, na yeye hayupo kuona, basi vilivyobaki nikavitupa chooni, kwa sababu ningemwambia nini mtu aliyepita mbele ya bunduki za walinzi wa mpaka, kwamba alichoniletea kimenishinda? Nikanywa uji na maji, nikalala, homa ikaondoka yenyewe. Siku niliyotoka nje nikatembea, Nasifu akaanza kutangaza hadi sokoni kwamba dawa yake ni ya ajabu, watu wakija kuniuliza mimi nikawa natabasamu tu.

Kisha akaugua Madina, ni wiki sasa. Alianza kama mimi, akapata nafuu hata akafua nguo, halafu homa ikarudi kwa nguvu, kifua kinamchoma upande mmoja akivuta pumzi, makohozi yana rangi ya kutu, na akizungumza anakatiza katikati ili apumue. Nilisema tumpeleke hospitali ya misheni, Nasifu na ndugu zake Madina wakaniambia ya nini hospitali, wakati dawa inayoponya tunaijua?

Na nyumba yetu ina utaratibu wake, Mama. Nasifu akileta sukari anaigawa mbele yetu sote wawili, akinunua leso ananunua mbili za bei moja, na ndugu zake Madina wanaangalia jambo hilo kuliko hata sisi wenyewe. Kaka yake, Muzafaru, alikuja Jumapili akasimama uani, majirani wanasikia.

"Mdogo ulimvukia mpaka," akamwambia Nasifu. "Na huyu mkubwa je? Ama yeye si mutu?"

"Ya Zubaida nilileta, na ya Madina nitaleta vilevile," Nasifu akajibu. "Mimi nakwenda. Nangoja mvua ikatike tu."

Mama, njia ile si ile tena. Wanajeshi wamepiga kambi karibu na bonde, wanasema wanakomesha magendo. Okware wa kijiji cha Mella, aliyekuwa anavusha kahawa, baiskeli yake imekutwa kwenye matope na mwenyewe hajulikani alipo, mkewe anaogopa hata kuuliza.

Nikimzuia Nasifu watasema namtakia mwenzangu kifo. Nikisema ukweli, atachekwa soko zima, na Madina ataona nilimfanyia mchezo. Halafu kuna linaloninyima usingizi kuliko yote, pengine dawa ile inaponya kweli na ni tumbo langu tu lililoikataa, na mimi nikimzuia mume wangu nitakuwa nimeua. Je, inaponya au haiponyi? Agwang, mama muuza samaki anayekuletea barua hii, anavuka kwa kibali na atasubiri jibu. Usimpe karatasi, wakati wa kurudi ndipo wanapekuliwa. Mwambie kwa mdomo.

Ni mimi,
Zubaida, Mke Mdogo wa Tororo


Zubaida mwanangu,

Agwang amekaa hapa kwenye benchi la ofisi na kikapu chake kitupu, nimemsomea jibu hili mpaka amelishika. Wengine mtalisoma gazetini, na majina yote mnayoyaona hapa nimeyabadilisha, la Agwang pia, kwa hiyo msijisumbue kutafuta mtu.

Nianze na swali lako, maana ni swali la mtu mwenye akili, ingawa umelikalia mno. Nimevuka barabara na barua yako mkononi kwenda kumwuliza daktari. Amesema dawa ya namna hiyo ipo na si ya kitapeli. Inafanya kazi, lakini kazi yake ni ndogo kuliko sifa alizoipa mumeo. Mgonjwa akiianza mapema, siku ya kwanza au ya pili homa inapomshika, huenda akapona kama siku moja kabla ya yule ambaye hakumeza. Siku moja, mwanangu! Tena ni kwa aina moja ya mafua. Ukipatwa na aina nyingine, haisaidii kitu. Watu wengi wenye afya hupona bila hiyo, kama ulivyopona wewe kwa uji wako. Na hicho kizunguzungu na kutapika, wengi wanaoimeza hulalamika hivyo hivyo, usilisingizie tumbo lako.

Sasa Madina. Kwake wakati wa dawa hiyo umepita zamani. Nilipofika kwenye homa iliyorudi na makohozi ya rangi ya kutu, daktari hakutaka hata nimalize kusoma. "Hayo si mafua tena, hiyo yaelekea ni nimonia," alisema. "Wamfikishe hospitali leo, atahitaji sindano za penisilini." Vidonge vya Nasifu haviitibu nimonia, hata akivileta kwa gunia. Kwa hiyo ondoa hiyo hofu kwamba ukimzuia mumeo utakuwa umeua. Kitakachomuua Madina ni huko kukaa mnangoja mvua ikatike.

Na sasa nikugombeze kidogo. Nakuelewa, tena nimekuhurumia sana. Mwanamume amelowa hadi kiunoni kwa ajili yako, nani angekuwa na moyo wa kumwambia zawadi yake imeishia chooni? Lakini tabasamu lako ndilo linalomrudisha bondeni. Soko zima linaamini dawa hiyo kwa ushahidi wako wewe, na ushahidi wenyewe huna! Unaona haya kusema ulitapika. Kuna haya gani hapo ya kulinganisha na wanawake wawili wa ua mmoja kukaa eda pamoja?

Muzafaru naye nina neno naye. Usawa wa wake si kila mmoja avukiwe mpaka. Wewe ulihitaji kulala na kunywa uji, Madina anahitaji sindano, na mume mwenye haki humpa kila mke kinachomfaa. Akimwacha mgonjwa ndani na kwenda kujipeleka kwa wenye bunduki ili shemeji yake anyamaze, atakuwa hajamtendea haki hata mmoja wenu.

Basi fanya hivi. Agwang akishakufikishia haya, usingoje Nasifu awe na moyo mzuri wala usimvute pembeni. Muzafaru naye aitwe asikie. Sema, "Sikuponywa na ile dawa. Niliitapika, na iliyobaki niliitupa." Usiyapambe maneno, na usianze kwa kulia. Kisha Madina apakiwe kwenye lori, mumkalishe ameegemea, msimlaze chali, na wewe uende naye. Hospitalini ueleze lini homa ilianza, ilivyomwacha na ilivyorudi, maana yeye hana pumzi ya kueleza. Lori likiwa halina mafuta, kuna kitanda cha kamba na mabega ya Muzafaru. Mtu mwenye nguvu ya kupiga kelele uani hatashindwa kumbeba dada yake.

Nasifu atakasirika, nisikudanganye. Atanuna, pengine atasusa chakula chako, na sokoni watamcheka mpaka wachoke. Mwache akasirike. Atakuwa anakasirika akiwa hai.

Mama Mildred