Programu ya Maji na Kidole cha Shemeji

Mpendwa mshauri,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu tangu uliponishauri juu ya mirathi ya baba. Sasa nina mzigo mwingine. Mimi ni mkuu wa kitengo katika idara ya maji, na tunakaribia kuzindua programu ya simu ambayo wateja wataitumia kulipia ankara na kutoa taarifa za mabomba yaliyopasuka, na ikishaanza, madirisha yote ya huduma yatafungwa ili kupunguza gharama.

Taratibu zinataka programu iweze kutumiwa na kila mtu, kwa hiyo siku ya majaribio nilimwalika shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye haoni na husomewa skrini na sauti ya simu yake, lakini vitufe vyetu vilikuwa picha tupu, sauti ikawa inasema "kitufe, kitufe, kitufe," na kila alipokwama fundi wetu wa programu alimshika kidole akakipeleka panapotakiwa, hatimaye ankara ikalipwa, tukapiga makofi na kuandika kwamba amefaulu.

Tulipokuwa tukitoka, shemeji akaniuliza, "Bwana mkubwa, huyu fundi mtamzungusha nyumba kwa nyumba, au kila mteja atapewa wake?"

Nilicheka, lakini usingizi umeniruka tangu hapo. Mafundi wanasema marekebisho yatamaliza fedha za toleo la simu za bei nafuu, ambazo ndizo wateja wetu wengi wanazo. Mkurugenzi anasema, "Wasioona ni wangapi, mzee? Watasaidiwa na watoto wao." Anataka saini yangu ya kuidhinisha uzinduzi, au nimpishe atakayeitia. Nimuumize nani?

Mkuu wa Kitengo

JIBU

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Nakuonea huruma kwa bajeti finyu, si kwa makofi. Mliyempima siku ile ni fundi, naye anaona vizuri sana.

Umekubali upesi mno kwamba lazima mmoja aumie. Programu za idara nyingi hufunguka kwa nembo inayozunguka na video ya mkurugenzi akikaribisha watu. Kama ya kwenu ni hivyo, anzeni kukata hapo. Kisha waambie mafundi wakutenganishie gharama: kukipa kila kitufe jina ambalo sauti ya simu italisoma ni kazi ndogo, kujenga kurasa upya ni kazi nyingine. Wekeni majina sasa kwenye vitufe vya malipo na taarifa za mabomba, mengine yafuate pamoja na toleo la simu nafuu. Dirisha moja libaki wazi hadi kazi iishe. Mtu mzima halazimiki kumpa mtoto wake namba ya siri kwa sababu ofisi inabana matumizi.

Usitie saini. Mrudishe shemeji, na safari hii fundi aweke mikono mfukoni.

Mshauri

Mpendwa mshauri,

Nimemwandikia mkurugenzi hayo yote na kuomba kikao. Saini sijatia. Uamuzi ukitoka nitakuandikia, hata kama nitakuwa nimeshampisha mwingine ofisini na ninaandika nikiwa nyumbani.