Damu Imepita Kiwango

Baba Caren,

Ukirudi na ng'ombe, usijidunge ile sindano ya homoni ya kiume. ~~Jidunge nusu.~~ Usijidunge kabisa! Chupa nimeibeba. Uji uko kwa themosi.

Uliacha simu kwa chaji, daktari wa Migori akapiga. Ameona majibu yako ya damu. Jana uliniletea hiyo karatasi ukijigamba damu yako imepita kiwango, nami nikashangilia, nikakupikia maini iongezeke zaidi. Kumbe damu nyingi hivyo ni hatari! Sindano imeifanya nzito, inaweza kuganda ikakuua. Yeye alikuandikia kila wiki mbili. Wewe unajidunga kila wiki, ukaniambia ni yeye ameongeza. Kwa nini unidanganye mimi, Elkanah?

Aliniuliza kama kichwa kinakuuma. Nikakumbuka ile leso umejifunga kichwani tangu Jumapili, nikamwambia ndiyo.

Nimekimbia Uriri kutafuta gari, daktari anataka kukuona leo. Maini yaliyobaki mpe mbwa. Usiende kukata nyasi, keti tu.

Nikipiga hodi, itika mara ya kwanza. Tafadhali.

Mama Caren