Babu Aliyelala Ndani ya Tenga

Chilangala, Newala
2 Septemba 1956

Mpendwa mpwa wangu Danieli,

Salamu zangu zikufikie huko Tanga katikati ya miba ya mkonge, nazo zikukute umekaa kivulini, umeshiba, na mnyapara yuko mbali. Hujambo? Kile kidole kilichochomwa kimepona, au kimekwisha kukatika na unaona aibu kusema? Kifua je? Kambini mnapata maharage yaliyoiva, au bado yale ya kurusha ukutani yakarudi?

Huku juu sisi ni wazima. Upepo unavuma na vumbi tunalila bila chumvi. Goti langu la kushoto limegoma, la kulia linafikiria. Mwanao Julia ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema neno lenye s anapiga mluzi. Mdogo wake ananyonya kama ndama. Mke wangu Bimdogo anakusalimu na anashukuru kwa shuka. Anasema ni fupi, lakini mimi sikukwambia.

Usiucheke mwandiko. Unajua niliacha shule darasa la pili, siku padri aliponikuta nyuma ya kanisa nikipima kama divai ya misa ni tamu kweli. Herufi nilizotoka nazo siku ile ndizo hizi hizi, sijaongeza hata moja.

Haya, tuje kwenye barua yako.

Unasema dada yako Anjelina amekuletea habari kwamba mkeo Bibiana hapiki tena, anashinda kwenye ile cherehani uliyomnunulia tangu jua linachomoza mpaka linazama, na chakula cha jioni kinapikwa na ndondocha. Basi unanitaka mimi, mjomba wako, nimrudishe Bibiana kwao Lisekese kabla mvua hazijaanza, na cherehani nimkabidhi Anjelina akuwekee.

Danieli, sikuogopa. Nilifurahi. Tangu nikiwa mtoto nasikia habari za ndondocha: fulani alizikwa, kumbe hakufa, mchawi amemficha na kumgeuza mtumwa wa kulima na kutwanga. Kila mtu hapa anamjua mtu aliyemwona. Mimi sijapata kumjua huyo aliyemwona. Nikasema, Selestini, umri wako huu, ukifa bila kumwona mmoja utakuwa umezaliwa bure.

Ila hukuniandikia ndondocha mwenyewe ni nani. Nikaenda kumuuliza dada yako. Nilimkuta anafinyanga vyungu vyake uani, udongo mpaka kwenye viwiko, watoto wake wamemzunguka wanalia njaa.

"Shikamoo, Mjomba," akasema, lakini macho yake yako kwenye udongo.

"Marahaba. Huyo ndondocha wa wifi yako ni marehemu gani?"

"Mjomba, usinilazimishe."

"Nakulazimisha."

Akazungusha chungu chake kwanza. "Ni wewe, Mjomba."

Nikakaa chini palepale, kwenye udongo wake.

Akanieleza. Julia mwenyewe ndiye aliyewaambia watoto wa Anjelina: kwetu kuna tenga kubwa karibu na cherehani, Babu Selestini amelala humo ndani, amefunikwa blanketi, mama amekataza asiamshwe. Jioni akiamka, chakula kiko tayari.

"Na huyu aliyekaa hapa mbele yako ni nani?" nikamuuliza.

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Hilo ndilo tunalojiuliza, Mjomba. Umekonda sana siku hizi. Halafu mchana kutwa unasinzia."

Hapo nikaelewa kwa nini watu walikuwa wananisalimu kutoka ng'ambo ya njia. Nilipofika nyumbani Bimdogo alinifinya paja kwa nguvu zake zote, akasikiliza nilivyopiga kelele, akasema, "Bado ni wewe." Kumbe naye alikuwa amesikia.

Lakini nisimwonee dada yako. Mawazo yake yalikuwa na miguu. Mbaazi, Danieli, ni kazi ya moto nusu siku. Nyumba inayopika mbaazi moshi wake unaonekana mpaka bondeni. Kwa mkeo moshi ni wa alfajiri tu, wa uji wa watoto, kama wa kila mtu. Baada ya hapo, cherehani: trrrr, trrrr, mpaka jioni, maana watoto wanakaribia kutoka jandoni na kila mama anataka mwanawe atoke na kaptula mpya. Halafu jua likizama tu, ugali unasongwa, na mbaazi laini kama siagi zinaletwa mezani. Sasa nani alizipika? Hata mimi nilitaka kujua. Nilitaka kujua zaidi kwa kuwa nilisikia ni mimi.

Basi kesho yake nikatafuta sababu ya kushinda kwake. Suruali yangu ilikuwa na tundu dogo, nikalisaidia kwa kidole likawa kubwa, nikaenda.

Bibiana alinipokea kwa heshima zote, akaniomba suruali, akanipa kipande cha marekani, kitambaa cheupe cha mteja, nijifunge. Nikakaa barazani hivyo, mzee mzima nimefungwa kama maiti iliyovikwa sanda nusu, mbele ya mkwe. Kuondoka siwezi. Waliokuwa wakipita njiani waliniona nimevaa nguo nyeupe, wakaharakisha mwendo. Nadhani siku ile niliharibu mambo zaidi.

Tenga lilikuwa pale, karibu na mguu wake. Ni lile kubwa la kutilia vipande vya nguo vilivyobaki. Juu limefunikwa blanketi lako kuukuu, lile la rangi ya panya. Julia alikuwa amekaa kando anamtikisa mdogo wake, akaniangalia mimi, akaliangalia tenga, akaniangalia mimi. Maskini mtoto, alikuwa anajumlisha na jumla haipatikani.

Mkeo aliposhika mkasi na kugeuka, nikanyoosha mkono nikalishika blanketi.

Lina joto, Danieli! Joto la mwili wa mtu. Nikasogeza sikio. Humo ndani kuna kitu kinaguna, taratibu, kama mzee anayeota ndoto nzuri. Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika katikati nikaona haitoshi, nikaongeza Bismillahi ya mke wangu, maana katika hali ile mtu hachagui.

"Mjomba," Bibiana akasema bila kugeuka, "ukifunua sasa hivi, leo tutakula mbaazi za kuvunja meno."

"Mbaazi?"

"Ulidhani nini?"

"Niliambiwa ni mimi."

Akaacha kushona. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kaptula ya mtu. Kisha machozi yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Hapo ndipo nilipoona, kupitia mlango ulio wazi, kwenye pembe ya chumba, kifurushi kimefungwa: sufuria yake ndogo, kanga zake, nguo za watoto. Alikuwa anajua yote. Wanawake walikwisha kumsema wazi wazi kwenye njia ya maji.

"Nimalize nguo za watoto wa jando kwanza," akaniambia. "Nimepokea vitambaa vya watu. Nikimaliza nitashuka Lisekese mwenyewe, Mjomba, hamna haja ya kunisindikiza."

Mtu aliyevaa marekani ya mteja hawezi kumzuia mtu safari. Nikamuuliza habari za tenga, maana nilikuwa nawashwa.

Akaniambia ilianza kwa aibu. Asubuhi moja alikuwa na chungu cha mbaazi kinachemka, akafika mke wa karani kupimwa gauni. Hakutaka mgeni akute masizi na chungu barazani, akakitia upesi ndani ya tenga, akarundika vipande vya nguo juu yake, akakisahau. Alikumbuka jioni watoto walipoanza kulia. Akafukua akitegemea kukuta mbaazi zimechacha. Akakuta zimeiva.

Tangu siku hiyo hafanyi vingine. Mbaazi zinalala kwenye maji usiku. Alfajiri, moto ule ule wa uji, zinachemka hasa. Kisha chungu kinatolewa na mchemko wake, kinatiwa tengani, jani la mgomba mdomoni, kifuniko juu, blanketi, na vipande vya nguo chini na pande zote, vimeshindiliwa. Basi. Tui la nazi hatii mpaka jioni, lisije likachacha. Kuni anazotumia ni kidogo na maji hayapungui chunguni, na wewe unajua huku kwetu maji ya kuyapandisha kutoka bondeni tunavyoyaheshimu.

Shida ilikuwa watoto. Kila saa wanataka kufunua, na ukifunua joto linatoka. Akawaonya, wapi. Ndipo alipowaambia Babu Selestini amelala humo, ole wake atakayemwamsha. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema ndiye mtu pekee ambaye watoto wanajua akiamshwa anatukana.

Hilo nilimkubalia.

Lakini niliuliza mengine mengi, mpaka akakosea mshono. Joto lisipoondoka linakaa wapi? Linachoka? Mbaazi zinajuaje kwamba moto umezimwa? Akasema, "Mjomba, mimi napika tu." Jibu hilo halikunitosha na mpaka leo linanisumbua. Nimejaribu mwenyewe nyumbani, kwa kichwa cha mbuzi na blanketi la Bimdogo. Kichwa kilitoka kama kilivyoingia. Blanketi ndilo lililoiva. Tunalala nalo hivyo hivyo, na mbwa wa jirani hawatoki mlangoni.

Jioni ile nilimtuma Julia amwite Anjelina. Alikuja na watoto wake wote nyuma, akakataa kupanda barazani, akashika nguzo. Nikasimama, suruali nimekwisha kuivaa, nikamwambia, "Njoo umwone mjomba wako mwingine."

Bibiana akaanza kufukua. Kipande cha kaki, cha maua, cha kanzu. Watoto hawapumui. Blanketi likafunuliwa, kifuniko kikatoka, mvuke ukapanda.

"Babu Selestini ni mbaazi!" Julia akalia kwa mluzi, nusu machozi. Nadhani alitegemea mzee mwenye sura nzuri zaidi.

Anjelina akaja polepole, akachukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole. Ikapondeka.

"Zimeiva bila moto?"

"Kwa moto wa asubuhi, wifi. Ule ule wa uji."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, wifi. Umewauliza wengine wote."

Anjelina akageuka akaondoka bila kula. Watoto wake hawakuondoka. Walikula mpaka chungu kikaonekana kitako.

Nami nikaona uchunguzi haujakamilika, nikarudi jioni zilizofuata. Nimekula njugumawe kutoka tengani. Nimekula kunde zilizotiwa korosho za kutwanga. Siku aliyobanwa zaidi na kazi alifukia viazi vitamu kwenye majivu ya alfajiri, jioni akavifuta tu vumbi, tukala na dagaa wa Lindi waliokaangwa dakika moja. Ulisema mkeo hapiki. Mimi mkanda wa suruali umenibana, tena tundu limerudi.

Na dada yako? Hakuomba radhi, unamjua. Juzi alikuja na chungu kipya kichwani. Ni cha mviringo, hakina shingo, kifuniko chake kinakaa kama kope kwenye jicho. Akakiweka karibu na tenga, akasema, "Hiki hakitapoteza joto." Kisha, akitazama pembeni, akauliza tenga linatakiwa liwe la ukubwa gani kwa mtu mwenye watoto watano na mikono yenye udongo mchana kutwa. Bibiana akampimia kwa mikono. Vipande vya kushindilia akampa mfuko mzima. Tangu jana kwa Anjelina pia moshi ni wa alfajiri tu, na watu wameanza kuniuliza nitawezaje kulala kwenye matenga mawili.

Basi nisikilize, Danieli. Neno la kumrudisha mke au kutomrudisha uliliweka mikononi mwangu kwa kuwa mimi ni mjomba wako. Simrudishi. Cherehani haitoki pale barazani. Hilo limekwisha.

Limebaki lako. Kile kifurushi bado kiko kwenye pembe ya chumba. Nguo za jando zimebaki chache, nami nimemwambia akifungue, anasema, "Nangoja, Mjomba." Hanigojei mimi. Mimi niko pale kila jioni. Umeandika barua kwa dada yako, umeandika kwangu, kote huko umemtaja yeye, na yeye mwenyewe hukumwandikia hata mstari. Mwandikie. Usimfundishe kupika. Muulize hali yake, muulize kama amechoka, muulize alivyogundua lile tenga, atakueleza vizuri kuliko mimi. Andika upesi, kabla kaptula hazijaisha.

Nisalimie vijana wote wa kwetu hapo kambini, hasa Husseni, mwambie mama yake anamgoja kwa fimbo. Huku Bimdogo anakusalimu, Anjelina anakusalimu kwa sauti ya chini, Julia anakusalimu kwa mluzi. Mungu akulinde na miba, na akulinde zaidi na habari za kuletewa.

Naishia hapa kwa kuwa Julia amesimama mlangoni. Anasema, "Babu, twende, mwenzako ameamka."

Ni mimi mjomba wako akupendaye, niliye nje ya tenga,

Selestini