Sijambo, Tatu kwa Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya pili ya sindano mpya ya maumivu. Daktari wa upasuaji anatembea kifua mbele — karatasi za alama za maumivu zinampa raha! Mofini ya maji, dawa yetu ya zamani: wastani wa maumivu sita kwa kumi. Sindano mpya: tatu. Kamati ya dawa inaamua Ijumaa. Ikikubali, mofini haiagizwi tena wodini kwetu. Karatasi za sindano mpya zote nimejaza mimi. Nimeona fahari, nakiri.
Shangazi kaletwa leo, nyonga imevunjika. Ndiye aliyenilea. Kitanda cha sita.

Jumanne, 4 Machi
Kapasuliwa, katoka salama. Alhamdulillahi.
Mfamasia kanikamata koridoni. Eti utafiti ulioipa sindano mpya kibali uliilinganisha na maji ya chumvi, si na mofini. Nikamuuliza, na namba zangu je? Akacheka: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ana maneno huyu! Nimemwacha amesimama.

Jumatano, 5 Machi
Raundi pamoja na daktari. Hujambo, shangazi? Sijambo, mwanangu. Maumivu ni ngapi kwa kumi? Tatu. Nikaandika tatu.
Baadaye nabadilisha foronya — pembe yake imetafunwa, imelowa mate.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimemwendea peke yangu. Bila salamu. Nimeuliza tu: unaumwa kiasi gani?
Kanitolea macho. Siku hizi hata salamu hakuna, ndivyo nilivyokulea? Nikarudia swali. Nane. Na jana? Jana tisa. Mbona ulisema tatu? Ulishaniuliza hujambo, tena mbele ya daktari wako — nikuaibishe?
Miaka kumi na moja nauliza hujambo kwanza, halafu maumivu. Nani husema sijambo kisha aseme tisa?
Nimezunguka vitanda vingine vitano, bila salamu. Wawili kweli wako tatu, sindano inawafaa. Watatu: sita, saba, saba. Asubuhi niliwaandikia mbili, tatu, tatu.
Halafu nikakumbuka. Karatasi za mofini alijaza Sista Ndimu kabla ya likizo. Ndimu hamsalimii hata mumewe! Kumbe hatukulinganisha dawa. Tumelinganisha mimi na Ndimu.
Daktari wa zamu kampa shangazi mofini kidogo. Saa moja baadaye: mbili. Katapika mara moja — niseme haki, sindano mpya haitapishi. Lakini kalala, mdomo wazi, foronya kavu. Kabatini zimebaki chupa nne za mofini.

Ijumaa, 7 Machi
Benchi, nje ya chumba cha mkutano. Naandika ili mikono iwe na kazi.
Karatasi za wiki mbili ziko ndani. Za jana, nilizojaza bila salamu, ninazo mimi. Nikizitoa, najitangaza mbele ya wakubwa kwamba sijui kuuliza swali moja. Na daktari kashaniita shahidi wake! Nikinyamaza, chupa nne zitaisha, na shangazi atatafuna foronya huku akinijibu tatu. Naogopa. Naogopa kweli.
Mfamasia, niliyemweleza jana jioni, kapita, hakutania. Kaniuliza kama nimezileta. Nikaitikia kwa kichwa.
Mlango umefunguka. Mwenyekiti katoa kichwa, anatabasamu. Hujambo, sista?
Mdomo umejibu wenyewe — sijambo.
Kashika mlango. Ananisubiri niinuke.