Kaimati na Kiti cha Nyuma

Jumamosi, Thamesmead. Rasharasha tangu asubuhi, ile mvua ya London isiyonyesha sawasawa wala kukoma. Moyo wangu mzito, na sitaki kujidanganya kwamba ni hali ya hewa.

Leo nimeosha kiti cha nyuma cha gari. Jumatatu narudi barabarani kubeba abiria, na abiria wa siku hizi wana pua kali, wakinusa kitu kidogo tu wanakupunguzia nyota kwenye simu zao. Nimekisugua mara saba, mara moja kwa udongo niliouchota kwenye chungu cha maua cha Mama Nasra, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani Tanga tukiwa watoto. Doa la damu limetoka. Manyoya bado yameng'ang'ania kwenye mshono.

Nikiwa nimeinama hivyo, Nasra akatoka na mwavuli. Binti yangu huyu ana miaka kumi na saba, Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Alinikingia mvua. Kisha akasema kwa Kiingereza chake, sauti ndogo: "Sori, Baba. Lile bakuli. Mimi ndiye niliyemuua."

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikaendelea kusugua.

Ndiyo maana naandika.

Kaimati alikuwa mbwa wake. Mdogo, wa kahawia, mviringo kama kaimati lenyewe likitoka kwenye mafuta. Aliingia nyumbani kwa vita miaka miwili iliyopita, na mimi nikaweka masharti: mwisho wake jikoni, asikanyage mswala, garini asipande bila kutandikiwa plastiki. Kwetu mbwa ni wa nje, nimekua hivyo. Lakini nilimzoea, wallahi. Nikirudi kazini nilikuwa namsugua mgongo kwa ncha ya kiatu, naye anajilaza pale mlangoni kama amepewa dunia.

Nasra alipomaliza mitihani nilimwambia achague safari, popote. Akachagua milima ya Romania, tukapige kambi, aone dubu. Na Kaimati aje. Mama yake alikuwa na zamu, hakupata likizo, basi tukaenda watatu. Loo, karatasi za yule mbwa! Mimi nilipoingia nchi hii sikuulizwa nusu yake. Siku ya pili njiani akatapika, plastiki ikateleza, kiti kikachafuka. Nikakiosha kwenye kituo cha mafuta Hungary huku nanung'unika, nikaapa mbwa huyu hatalala ndani ya gari langu.

Kiapo kile ndicho kilichomuua.

Tulipofika, mwenye uwanja wa mahema, mzee mnene mwenye Kiingereza cha kuokoteza, alinishika mkono akanipeleka kwenye kibao. Nasra alikuwa amekwenda bombani kujaza maji. Kibao kilikuwa na picha, hata mtoto angeelewa: chakula kiwekwe kwenye sanduku la chuma, mbwa afungiwe garini. Mzee akamnyooshea kidole Kaimati, akalinyooshea gari langu, kisha akafanya kwa mikono kama anafunga mlango. Nikaitikia kwa kichwa, yes, yes.

Nilielewa. Sana tu. Nasra nilimwambia habari ya sanduku la chuma, ya mbwa nikajitia hamnazo.

Jioni nikamfunga Kaimati kwenye nguzo karibu na hema. Nasra akauliza kwa nini asilale naye ndani. Nikamwambia tutasali humo, na mate ya mbwa ni najisi. Akasema basi, yeye na Kaimati watalala garini. Hapo alinibana, na mimi nikibanwa hupandisha sauti. Nikamjia juu. "Mbwa kazi yake kulinda! Wewe umemgeuza mtoto mchanga!" Akamwekea bakuli lake, akamkumbatia, akaingia kulala. Kaimati alipovuta kamba, nikaongeza fundo la pili juu ya lile la kwanza.

Alfajiri nilikuwa ndani ya hema natawadha kwa maji ya chupa. Kaimati akaanza kubweka. Haikuwa sauti yake ya kumbwekea mleta barua, nilisikia tofauti, na bado nikampigia kelele: "Nyamaza we!"

Alikuwa anafanya ile kazi niliyompa.

Kisha akalia. Nilipofungua zipu, dubu alikuwa juu yake, bakuli limepinduka. Sikuwahi kuona mnyama mkubwa namna ile bila uzio katikati yetu, na nikabaki mle ndani nimeshika zipu. Mzee alikuja mbio akigonga sufuria na kupiga mayowe, na dubu akaondoka zake bila haraka, kama mtu aliyemaliza shughuli.

Nasra alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, vidole vyake vikahangaika na fundo langu, halikufunguka. Nikakata kwa kisu. Akambeba, akafungua mlango wa nyuma wa gari mwenyewe, akaketi naye mapajani kwenye kile kiti. Hakukuwa na plastiki, wala sikuuliza. Niliendesha kumtafuta daktari wa wanyama, na Kaimati akakata roho kabla hatujafika kwenye lami.

Tukarudi, tukamzika nyuma ya ghala la mzee. Mzee aliliokota bakuli, akatikisa kichwa, akasema neno moja la Kiingereza, chakula. Nasra alilisikia, akalibeba moyoni mpaka leo. Kisha mzee akanitazama mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Tangu turudi, kila anayeniuliza namjibu vilevile. Mke wangu, wenzangu msikitini, madereva wenzangu. Nawaambia ilikuwa mambo ya dini, mbwa hemani ningefanyaje? Wananipa pole, na mimi nazipokea.

Uongo huo. Dini haikunikataza gari. Gari lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye ile nguzo, na shehe yeyote angeniambia mfungie mle ukalale. Mimi niliogopa harufu na nyota za abiria, nikaisingizia dini yangu. Aibu hiyo naitaja hapa kwa mara ya kwanza.

Na mtoto anaosha bakuli. Kila jioni nasikia bomba la jikoni, anaosha bakuli tupu, analifuta, analirudisha chumbani kwake. Chakula chake mwenyewe anakigusagusa tu. Wiki nzima nimeisikia sauti ya yale maji na nimekaa kimya, kwa sababu akijilaumu yeye, hanilaumu mimi.

Baba gani huyo?

Nimesoma nilichoandika, na nimegundua ujanja wangu mwingine. Nasra Kiswahili anakisikia, hakisomi. Sikuwahi kumfundisha. Kwa hiyo nimetubu kwenu nyinyi wa mtandaoni nisiowajua, kwa maandishi ambayo yeye hawezi kuyasoma, na chumba chake kiko ng'ambo ya ukuta huu. Bomba limefungwa sasa hivi. Amekwisha kuosha.

Nimepiga moyo konde. Nachukua simu hii, nagonga mlango wake, namsomea kwa sauti kuanzia mvua ya asubuhi, na sitaruka kitu.

Nasra, mwanangu, kama umenisikiliza mpaka hapa: si bakuli lako. Mimi niliambiwa nimfungie garini, nikakataa.